Josephine Cochrane

Josephine Garis Cochrane (8 Machi 1839 – 3 Agosti 1913) alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara wa nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni mashine ya kuosha vyombo ya kwanza iliyofanikiwa kibiashara. Alipewa hataza ya mashine hiyo tarehe 28 Desemba 1886. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza kitu alichokibuni kwa muda maalumu.

Cochrane aliikusudia mashine yake kwa ajili ya majiko ya nyumbani, lakini walioichagua kwanza walikuwa wenye hoteli na mikahawa. Familia za kawaida zilichelewa kuipokea kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu ilidai maji mengi ya moto, mabomba na fedha, vitu ambavyo nyumba nyingi hazikuwa navyo. Masharti hayo ndiyo yanayoikabili hadi leo nyumba yoyote inayotaka kutumia mashine ya aina hiyo kwa mara ya kwanza.

Maisha ya awali

Josephine Garis alizaliwa katika kaunti ya Ashtabula, jimbo la Ohio. Baba yake, John Garis, alikuwa mhandisi aliyesimamia vinu. Mama yake, Irene Fitch, anahusishwa na ukoo wa John Fitch, mvumbuzi aliyeonyesha chombo kilichoendeshwa kwa mvuke kwenye mto Delaware mwaka 1787. Hivyo Josephine alikulia kati ya watu waliozoea mitambo, ingawa yeye mwenyewe hakupata mafunzo ya uhandisi.

Alilelewa kwa sehemu huko Valparaiso, jimbo la Indiana. Baada ya shule aliyosoma kuungua moto, alipelekwa kuishi na dada yake katika mji mdogo wa Shelbyville, jimbo la Illinois.

Ndoa na familia

Tarehe 13 Oktoba 1858, akiwa na umri wa miaka 19, aliolewa na William Cochran, mfanyabiashara wa nguo na vitambaa ambaye pia alishiriki katika siasa za chama cha Democratic. Josephine alichukua jina la mume wake, lakini alipenda kuliandika kwa kuongeza herufi e mwishoni. Ndiyo sababu jina lake huonekana katika maandishi kwa namna mbili, Cochran na Cochrane.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, Hallie, alifariki akiwa na umri wa miaka miwili. Binti yao Katharine alikua hadi utu uzima.

Biashara ya William ilistawi, na mwaka 1870 familia ilihamia katika nyumba kubwa ambamo walikuwa wakialika wageni kwa chakula. Katika karamu hizo Josephine alitumia vyombo vya kauri vya urithi, ambavyo kwa mapokeo ya familia vilitoka katika karne ya 17. Watumishi walipoviosha baada ya chakula, baadhi ya vyombo vilimeguka kingo. Josephine aliamua kuviosha mwenyewe. Kazi hiyo ilimchosha upesi, naye akaanza kuwaza namna ya kuifanya kwa mashine.

Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake. Mwaka 1850 Joel Houghton alipata hataza ya mashine ya mbao yenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, iliyorushia vyombo maji. Haikuosha vizuri.

Ujane na madeni

William Cochran alifariki mwaka 1883. Ilibainika kwamba nyuma ya maisha ya karamu kulikuwa na madeni makubwa. Mjane wake alibaki na dola zipatazo 1,500, kiasi ambacho hakikutosha kuyalipa.

Hadi wakati huo mashine ilikuwa wazo la mwanamke mwenye uwezo aliyetaka kuokoa vyombo vyake na muda wake. Sasa ikawa njia ya kujipatia riziki. Cochrane alianza kuitengeneza katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba yake, akisaidiwa na fundi mitambo George Butters.

Kupata mafundi wa kumsikiliza hakukuwa rahisi. Katika miaka ya baadaye alisimulia kwamba baadhi yao walipuuza maelekezo yake kwa sababu hakusomea ufundi, wakafanya kwa namna yao wenyewe kwa gharama yake, kisha wakalazimika kurudi kwenye mpango aliokuwa ameutoa tangu mwanzo.

Namna mashine ilivyofanya kazi

Cochrane alianza kwa kupima vyombo vyenyewe. Alitengeneza vichanja vya waya vilivyolingana na ukubwa wa sahani, vikombe na visosi, ili kila chombo kikae mahali pake bila kugongana na kingine. Vichanja hivyo vilipangwa katika gurudumu lililolala ndani ya tangi la shaba.

Gurudumu lilipozunguka, maji ya moto yenye sabuni yalisukumwa kwa nguvu kutoka chini na kuvipiga vyombo pande zote. Kisha vyombo vilisuuzwa kwa maji safi ya moto. Mashine ndogo ziliendeshwa kwa mkono, na zile kubwa kwa injini.

Tofauti yake na majaribio ya awali ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, uchafu uliondolewa kwa msukumo wa maji badala ya kusuguliwa. Pili, vyombo vilishikiliwa visiguse vingine. Misingi hiyo miwili inatumika hadi leo katika mashine za kuosha vyombo.

Maombi ya hataza yaliwasilishwa tarehe 31 Desemba 1885, na hataza namba 355,139 ikatolewa karibu mwaka mmoja baadaye.

Biashara

Mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa hoteli ya Palmer House mjini Chicago. Baada ya hapo alikwenda katika hoteli ya Sherman House bila mtu wa kumtambulisha. Kwa desturi za wakati ule mwanamke wa tabaka lake hakuingia hotelini bila kusindikizwa na mume au baba. Cochrane alieleza baadaye kwamba kuvuka ukumbi wa hoteli ile peke yake kulimwogopesha kuliko jambo lolote alilowahi kufanya. Alitoka akiwa na oda ya dola 800.

Kupata mtaji kulikuwa kugumu zaidi. Baadhi ya wenye fedha walikuwa tayari kuwekeza endapo angeachia uongozi wa kampuni kwa wanaume. Alikataa, akaendelea kukua polepole kwa mapato ya mauzo.

Mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago, ambako zilipata tuzo kwa ubora wa muundo na uimara. Mashine 9 zilitumika katika mikahawa iliyohudumia umati wa watu waliofika. Watu wa mahoteli walipata nafasi ya kuiona ikifanya kazi wakati wa shughuli nyingi, na oda ziliongezeka. Mwaka 1898 alifungua kiwanda chake, na Butters akawa msimamizi wake.

Kwa nini nyumba za kawaida zilichelewa

Hoteli zilikuwa na sababu za wazi za kununua. Ziliosha mamia ya sahani kila siku, zilipoteza fedha kwa vyombo vilivyovunjika, zililipa mishahara ya waoshaji wengi, na tayari zilikuwa na mitambo ya kuchemshia maji.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Mashine ndogo iliuzwa kwa dola 75 hadi 100, bei kubwa kwa familia ya wakati ule. Ilihitaji maji ya moto mengi kuliko yaliyoweza kupatikana katika jiko la kawaida. Mahali penye maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, sabuni ilikosa povu na vyombo vilibaki na ukungu mweupe.

Palikuwa pia na suala la nani anaamua. Cochrane aliona kwamba mwanamke ndiye aliyeosha vyombo, lakini fedha zilikuwa mikononi mwa mume, ambaye aliiona mashine kama gharama nyingine tu. Aliona pia kwamba wanawake wenyewe hawakuzoea kuhesabu muda na nguvu zao kuwa kitu chenye thamani ya fedha.

Miaka ya mwisho na kifo

Cochrane aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 73, alisafiri hadi New York kuuza mashine zake. Alifariki mjini Chicago tarehe 3 Agosti 1913, akazikwa Shelbyville.

Mwaka 1926 kampuni yake ilinunuliwa na kampuni ya Hobart, na mwaka 1949 mashine ya nyumbani yenye jina la KitchenAid iliingia sokoni. Katika miaka ya 1950, nyumba nyingi za Marekani zilipokuwa na umeme, maji ya moto ya bomba na sabuni maalumu, mashine ya kuosha vyombo ilianza kuwa chombo cha kawaida cha jikoni. Huko Uingereza, William Howard Livens alikuwa amebuni mwaka 1924 mashine ndogo ya nyumbani yenye mlango wa mbele na mikono ya kurushia maji.

Mwaka 2006 jina la Cochrane liliingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wavumbuzi wa Marekani.

Masharti ya mashine hiyo leo

Mashine ya siku hizi huchemsha maji yenyewe kwa umeme, lakini maswali ya wakati wa Cochrane hayajaisha. Mfano ni nyumba iliyoko Mbalizi, mji mdogo ulio magharibi ya jiji la Mbeya kwenye barabara kuu ya kuelekea Tunduma, ambako kama kwingineko Tanzania vyombo huoshwa kwa kawaida kwa mkono katika beseni. Kabla ya kununua mashine, familia ya huko inapaswa kuangalia mambo yafuatayo:

Maji. Mashine huunganishwa na bomba na huhitaji msukumo wa kutosha. Tangi lililoinuliwa mita 3 hutoa msukumo wa karibu bar 0.3 tu, na mashine nyingi zinataka zaidi ya hapo. Kiwango kinachotakiwa huandikwa katika kitabu cha maelezo. Lazima pia pawe na bomba la kutolea maji machafu.

Umeme. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hivyo mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani haifai kuchomekwa moja kwa moja. Wakati wa kuchemsha maji mashine hutumia takribani kilowati 2. Katika nyanda za juu za Mbeya maji ya bomba huwa baridi sana mwezi Juni na Julai, kwa hiyo kuyapasha moto huchukua muda zaidi na kumaliza uniti nyingi zaidi za LUKU.

Ukubwa. Mashine yenye upana wa sentimita 60 hubeba vyombo vya watu 12 hadi 14. Ile ya sentimita 45 hubeba vya watu 9 au 10. Mashine za kisasa hutumia takribani lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo huokoa maji ikiwa tu zimejazwa vizuri.

Sabuni na chumvi. Hutumika sabuni maalumu isiyotoa povu jingi. Sabuni ya kuoshea kwa mkono hujaza povu hadi likamwagika sakafuni. Mashine nyingi zina sehemu ya kutilia chumvi maalumu, ambayo husaidia kulainisha maji magumu.

Vyombo. Mabaki ya ugali na wali hukwanguliwa kwanza, na kichujio husafishwa mara kwa mara. Sufuria za alumini hupoteza mng'ao na kuwa nyeusi kwa sababu ya ukali wa sabuni, na miiko ya mbao hupasuka kwa joto. Vitu hivyo, ambavyo ni sehemu kubwa ya vyombo vya jiko la Kitanzania, huendelea kuoshwa kwa mkono. Sahani, bilauri na vikombe vya kauri ndivyo vinavyofaa zaidi.

Kwa sababu hizo, mashine ya kuosha vyombo huwa na faida kubwa zaidi mahali penye sahani nyingi na maji ya uhakika, kama hotelini, mgahawani au katika ukumbi wa sherehe. Ndiko ilikoanzia kutumika wakati wa Cochrane. Kwa familia, hesabu hutegemea pia muda wa yule anayeosha vyombo kila siku, awe mama, binti au dada wa kazi, na kama wenye nyumba wanauhesabu muda huo kuwa gharama.