Van der Waals Alikuwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wanafunzi wetu wa kemia hulikariri jina la Van der Waals kana kwamba ni jina la kanuni tu, wala hawaambiwi kuwa mwenye jina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi naona hiyo ni dhuluma.

Johannes Diderik van der Waals alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1837, kifungua mimba wa fundi seremala aliyejaliwa watoto kumi. Mtoto wa kabwela siku hizo hakutarajiwa kufika chuo kikuu. Akawa mwalimu, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu. Alipoanza kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu cha mji wake mwaka wa 1862, hakuruhusiwa kufanya mtihani, kwa kuwa hakusoma Kilatini wala Kiyunani. Kwani Kilatini hupima nini katika gesi? Sharti hilo lilipoondolewa kwa wanafunzi wa sayansi ndipo njia ilipofunguka, na mwaka wa 1873, akiwa na umri wa miaka 35, akatoa tasnifu yake ya udaktari.

Kanuni za gesi za wakati huo zilizichukulia molekuli kuwa vitone visivyo na ukubwa wala mvutano. Yeye alizipa ukubwa, akazipa na mvutano. Molekuli zikiwa mbalimbali, mvutano huo haufui dafu mbele ya kasi yao; gesi ikipoa na kubanwa, mvutano hushinda, nayo gesi ikawa kiowevu. Nao si mambo ya maabara pekee: mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ndio unaomshikiza mjusi ukutani. Ikumbukwe kuwa alipoandika hayo, wapo wataalamu waliotilia shaka hata kuweko kwa molekuli.

Mwaka wa 1877 akawa profesa Amsterdam. Miaka minne baadaye mkewe, Anna, alifariki kwa kifua kikuu, akimwachia watoto wanne. Kwa takriban miaka kumi profesa hakuchapisha kitu.

Hata hivyo, hoja zake ndizo zilizomwongoza Kamerlingh Onnes kuigeuza heli kuwa kiowevu mwaka wa 1908, katika nyuzi 269 chini ya sufuri. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilimfikia mwaka wa 1910, akiwa mzee wa miaka 73. Alifariki mwaka wa 1923. Chanzo cha mvutano wenyewe, hata katika gesi kama heli, kilikuja kuelezwa na Fritz London mwaka wa 1930.