Marion Stevenson: Mwalimu wa Tumutumu aliyekipa kisu jina lingine

Kila mara mtu serikalini akitaja elimu ya ngono shuleni, unajua kinachofuata. Makanisa yanakuja juu, wazazi wanagawanyika, na wewe umeinamia simu unasoma komenti ukijiuliza: kwani hawa watu wazima wanadhani vijana wanaambiwa na nani?

Usifikiri ugomvi huu umeletwa na TikTok. Siku moja panda matatu ya Nyeri, ushuke Karatina, kisha uchukue boda hadi Tumutumu. Utapata kanisa la PCEA, hospitali ya misheni, na shule ya wasichana ambayo pengine unamjua mtu aliyesomea huko. Ugomvi kama huo ulipigwa hapo hapo karibu miaka mia moja iliyopita, na mmoja wa waliouanzisha alikuwa mwalimu mzungu ambaye hakuwa na mume.

Aliitwa Marion Scott Stevenson. Alizaliwa mwaka 1871 na akaja Kenya mwaka 1907 na misheni ya Kanisa la Scotland. Piga hesabu: alikuwa na miaka 36, umri ambao hata leo shosho wako angekuwa amekuuliza mara elfu moja utaolewa lini. Alianzia Thogoto, kule Kikuyu, na mwaka 1908 akasaidia kuanzisha shule ya wasichana. Mwaka 1912 akahamia Tumutumu, kituo kilichokuwa bado kichanga, na hapo ndipo alipomalizia miaka yake yote ya kazi.

Alifanya kila kitu. Alifundisha, akafunza walimu, akapanga shule mpya vijijini na kuzikagua. Alijifunza Kikuyu hadi akawa anatafsiri maandishi kwa lugha hiyo. Alifundisha kushona na kuimba. Na hospitali ikizidiwa, alikuwa akienda kusaidia.

Hayo ya hospitali yaweke akilini. Msichana wa Kikuyu wakati huo alikuwa anapitia irua, yaani tohara, kabla hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Aliyekataa aliitwa kirigu, na hilo lilikuwa tusi la kukufuata mpaka kaburini: nani angekuoa? Ungekaa na rika gani? Lakini walioshughulika na wagonjwa wa misheni waliona upande mwingine. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mama akifika wakati wa kujifungua, uchungu unaweza kuvuta na kuvuta, anachanika, damu inamwagika, na mtoto anaweza kufia njiani. Wamisheni hawakuyasoma hayo kwenye kitabu.

Kwa hivyo Stevenson akawa mstari wa mbele kupinga. Mwaka 1929 akafanya jambo linaloonekana dogo. Wazungu wenzake walikuwa wakiliita jambo hili tohara ya wasichana, neno lile lile la wavulana. Yeye akaliita ukataji wa viungo vya uzazi vya wanawake, na Baraza la Wamishonari la Kenya likalichukua neno hilo. Ukisikia leo watu wanasisitiza useme ukeketaji wala si tohara, jua kwamba ubishi huo wa majina ulianza kitambo, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuubishania.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, wajumbe wa makanisa walikutana Tumutumu na kukubaliana kwamba Mkristo anayeshiriki irua ya wasichana asimamishwe kanisani. Baadaye mwaka huo waumini wakatakiwa waweke kidole gumba kwenye kiapo cha kuikataa. Wakikuyu wakakiita kirore, alama ya kidole, na moto ukawaka. Chama cha Kikuyu Central Association kikapinga waziwazi. Vijana wakatunga Muthirigu, wimbo wa kuchezwa uliowatukana wamishonari na machifu bila huruma, hadi serikali ikaupiga marufuku Januari 1930. Thogoto ilipoteza waumini wake karibu wote. Chogoria, upande wa pili wa mlima, walibaki wachache wa kuhesabika. Tumutumu haikutikisika hivyo. Waliokataa kirore walijenga shule zao huru, na kutoka kwa shule hizo ukatoka mkondo mzima wa siasa unaoujua kutoka darasa la historia.

Sasa usikimbilie kusema kwamba watu hao walikuwa wanapenda damu tu. Wengi waliogopa ardhi. Mzungu alikuwa ameshachukua mashamba, na sasa anataka pia kuamua nani ni mwanamke na nani si mwanamke. Mimi nadhani Stevenson alikuwa sahihi kuhusu kisu. Lakini ukisoma historia ya misheni hizi, unaona kitu kingine ambacho yeye na wenzake hawakukipa uzito.

Irua haikuwa kisu peke yake. Ilikuwa shule. Msichana alifundishwa na wanawake wakubwa kuhusu mwili wake, hedhi, ndoa na wanaume. Baadaye vijana waliotahiriwa waliruhusiwa ngwiko, kulala pamoja na kupapasana, nguo ya msichana ikiwa imefungwa vizuri, bila kuingiliana. Kulikuwa na sheria, na rika lako lilikuchunga. Jomo Kenyatta aliyaeleza haya kinagaubaga katika kitabu chake cha mwaka 1938, na wasomaji wengi Uingereza wakashangaa. Kwa wamishonari hayo yote yalikuwa uchafu. Wakataka yaondoke pamoja na kisu.

Na mahali pake wakaweka nini? Biblia, sindano, sabuni na nyimbo. Vitu vizuri, sikatai. Ila msichana wa bweni aliyetaka kujua mimba inaingiaje hakuwa na mahali pa kuuliza. Shosho alikuwa ameambiwa ni mshenzi, na mwalimu aliona haya.

Upande wa Meru mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko wasichana walitahiriwa wakiwa wamekua, karibu na kuolewa. Kupata mimba kabla ya hapo kulikuwa mwiko mkubwa, kwa hivyo mimba kama hizo zilitolewa. Maafisa wa kikoloni walipoona hivyo walihofia idadi ya watu itapungua, na dawa waliyoipata ni kuamrisha wasichana watahiriwe wakiwa wadogo zaidi. Soma tena sentensi hiyo. Wakati wamishonari wanatoa kiapo dhidi ya kisu, serikali iliyowalinda ilikuwa inakiharakisha ili kupunguza utoaji mimba. Na hakuna popote katika mpango huo ambapo msichana mwenyewe aliulizwa kitu.

Alipojibu, jibu lake liliwashtua wote. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke walipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wasichana wakanunua wembe, wakaingia vichakani na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Kufikia 1959 watu zaidi ya 2,400 walikuwa wamefikishwa mahakamani kwa kosa hilo.

Stevenson hakuyaona hayo. Aliondoka Kenya mwaka 1929, moto ukiwaka bado, na akafariki mwaka 1930. Sheria ya nchi nzima ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, miaka 81 baada ya kifo chake. Neno lake lilishinda hatimaye, tena limeandikwa katika sheria hiyo kwa maana ile ile aliyoitaka.

Lile somo la pili, la nani amweleze msichana mambo ya mwili wake sasa kwa kuwa shosho amenyamazishwa, bado liko mezani. Mwaka 2013 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilizoahidi kuwapa vijana elimu hiyo shuleni. Wewe uliyesoma baada ya hapo ndiye unayejua darasani kwenu ilifika au haikufika.