Savitri: Machozi Yaliyotufikia kwa Sura Nyingine

Hapa Migosi mjini Kisumu, kama huko kwetu Mombasa na Lamu, wazee wakianza kuzungumza habari za picha za Kihindi za zamani, hawakosi kumtaja Meena Kumari na Waheeda Rehman. Savitri hatajwi. Lakini baadhi ya machozi waliyomwaga wazee hao yalianzia kwake.

Savitri alizaliwa miaka ya 1930 katika kijiji cha Chirravuru, wilaya ya Guntur, kusini mwa India. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na jamaa za mama yake. Lugha yake ilikuwa Kitelugu, lakini Watamil wa Madras walimpenda kama binti yao.

Mwaka 1955 alicheza Missiamma, kisa cha msichana wa Kikristo anayejifanya mke wa kijana wa Kibaniani ili wote wawili wapate kazi ya ualimu. Watu walicheka wakachoka. Mwaka 1957 kisa hicho kikatengenezwa kwa Kihindi kwa jina la Miss Mary, na nafasi yake akaishika Meena Kumari. Kadhalika Pasamalar ya 1961, habari ya kaka na dada yatima waliopendana mpaka kufa, mwaka 1962 ikawa Rakhi, na dada akawa Waheeda Rehman. Kwa kuwa picha za Kihindi ndizo zilizojaza senema zetu, mwenye nafasi ya kwanza hatukumjua.

Maisha yake yalikuwa kisa kingine. Mwaka 1952 aliolewa kwa siri na Gemini Ganesan, mcheza senema mwenzake aliyekuwa na mke tayari. Huyu ndiye baba wa Rekha, kwa mama mwingine. Savitri alitajirika, na mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Mwaka 1968 aliongoza picha ya Chinnari Papalu, akishirikiana na mafundi wanawake. Praptham ya 1971, aliyoiongoza pia, ilimtia hasara. Ndoa ikavunjika, ulevi ukamshika, mali ikayeyuka, na wengi waliokula kwake wakapotea njia ya mlangoni.

Mei 1980 alipoteza fahamu, akalala hivyo miezi 19, mpaka alipokufa tarehe 26 Desemba 1981. Dunia ndivyo ilivyo, hadaa. Mwaka 2018 maisha yake yalitolewa picha, Mahanati, na kizazi kipya kikamlilia upya.

Basi wazee wetu wakikaa tena barazani, na wamtaje na huyu.