Ukoo wa Livingstone

Huko Ujiji, karibu na Kigoma, liko jiwe la ukumbusho wa Daktari David Livingstone. Watu wengi wanazijua safari zake, bali wachache wanazijua habari za ukoo wake.

Asili yao ilikuwa kisiwa kidogo kiitwacho Ulva, upande wa magharibi wa Scotland. Babu yake alikuwa mkulima, naye alizijua habari za wazee wa vizazi sita vilivyomtangulia. Ilisimuliwa ya kuwa mzee mmoja wao, alipokaribia kufa, aliwaita watoto wake akawaeleza kwamba amechunguza habari za jamaa zao zote, wala hakuona hata mmoja aliyekuwa mdanganyifu. Basi akawausia wawe waaminifu. Wasia huo ndio uliokuwa urithi wao, maana mali hawakuwa nayo.

Shamba la Ulva halikutosha kuwalisha watoto wengi. Kwa hiyo mwaka 1792 babu akahamia Blantyre, penye kiwanda cha kusokota pamba, na huko David akazaliwa mwaka 1813. Alipopata miaka 10 alianza kazi kiwandani, tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku, na baada ya kazi alisoma. Ndugu zake wawili walivuka bahari: John akahamia Kanada, na Charles akaenda Marekani kusoma. David naye, alipokwisha kusomea udaktari, akaja Afrika mwaka 1841. Akamwoa Mary Moffat, wakapata watoto sita. Mmoja akafa mchanga.

Lakini safari zilimtenga na jamaa zake. Mary alikufa kando ya mto Zambezi mwaka 1862. Robert, mwana wa kwanza, akaja Afrika kumtafuta baba yake, asimpate. Mwisho akafika Marekani, akaingia jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alijiandikisha kwa jina jingine, kwa kuwa aliogopa asije akalitia aibu jina la baba yake. Akatekwa, akafa kifungoni mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka 19.

Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema, Oktoba 1871, alikuwa mgonjwa, na bidhaa zake zilikuwa zimeuzwa na mtu aliyepewa kuzilinda. Siku chache baadaye akaja Stanley, akamletea chakula, dawa, na mfuko wa barua uliotoka Unguja mwaka mzima uliopita. Livingstone alipoufungua alitafuta kwanza barua za watoto wake. Stanley akamsihi arudi kwao, asikubali, maana hajaziona bado chemchemi za mto Naili. Watoto wake hawakumwona tena.

Akafa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, kisha wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, nao ukapelekwa London.

Miaka mingi ikapita. Ndipo Hubert Wilson, mtoto wa Anna Mary, binti mdogo wa Livingstone, akaja nchi ile ile kuwatibu wagonjwa katika misheni iliyoitwa kwa jina la Chitambo. Ukoo uliotawanyika pande nyingi za dunia ukafika tena karibu na mahali ulipozikwa moyo wa babu.