Alibhai Mulla Jeevanjee na Gazeti Lake

Katika miji ya Mbeya na Iringa watu husoma magazeti yatokayo Dar es Salaam, wala msomaji haulizi gazeti lilizaliwa wapi, kama vile anywaye maji ya mto asivyouliza habari za chemchemi. Lakini gazeti nalo lina nasaba yake. Daily News la Dar es Salaam lilipatikana mwaka wa 1972, magazeti mawili, Standard na Nationalist, yalipofanywa kuwa moja. Standard lile hapo kwanza liliitwa Tanganyika Standard, nalo lilianza mwaka wa 1930, likiwa mtoto wa gazeti la Nairobi lililoitwa East African Standard. Na lile la Nairobi lilizaliwa Mombasa, mikononi mwa mfanyabiashara mmoja Mhindi ambaye hakuwa mwandishi, wala hakupata masomo mengi. Jina lake ni Alibhai Mulla Jeevanjee. Habari zake zastahili kujulikana, kwa sababu mtu huyu alianzisha sauti, akaiuza, kisha akaishi miaka thelathini akiisikia sauti ile ile ikiwatetea wale walioshindana naye.

Jeevanjee alizaliwa mwaka wa 1856 katika mji wa Karachi, kando ya bahari. Siku zile Karachi ulikuwa mji wa Bara Hindi chini ya Waingereza. Leo umo katika nchi ya Pakistani. Watu wake walikuwa Mabohora, yaani Waislamu wa madhehebu ya Kishia ambao kazi yao kubwa ni biashara. Yeye naye alitoka kwao akiwa kijana, akazunguka huku na huku akitafuta riziki, hata akafika Australia, akauza huko bidhaa za mashariki. Alijifunza kazi kwa kuifanya. Aliporudi Karachi aliweka biashara yake mwenyewe, na mnamo mwaka wa 1890 akavuka bahari akaja Mombasa.

Wakati ule Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotawala Mombasa na nchi iliyo nyuma yake. Kampuni ilihitaji watu wa kazi na vitu vya kila namna, naye Jeevanjee akajua namna ya kuvipata. Mwaka wa 1895 Kampuni ikashindwa na gharama, Serikali ya Uingereza ikaishika nchi, na mara ikaazimia kujenga reli kutoka Mombasa hata ziwa la Viktoria Nyanza. Hapo ndipo bahati ya Jeevanjee ilipofunguka.

Reli ile ilikuwa na urefu wa kilometa zaidi ya 900. Ilianza mwaka wa 1896, ikapita nyika ya Taru isiyo na maji, ikafika Tsavo, ambako mwaka wa 1898 simba wawili waliwala watu wa kazi hata kazi ikasimama. Mwezi wa Mei 1899 ikafika mahali penye kinamasi na maji baridi ambapo Wamasai hunywesha ng'ombe wao. Mahali hapo pakawa Nairobi. Mwisho wa mwaka wa 1901 ikafika Kisumu. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mikataba kufanya kazi hiyo, na zaidi ya 2,000 kati yao walikufa kwa maradhi na ajali. Jeevanjee alishughulika na kuwaleta watu hao, na kuwapatia chakula walichokizoea kwao, na tena alichukua kandarasi za kuvunja miamba, kulundika udongo na kujenga nyumba za stesheni. Kuwalisha maelfu ya watu katikati ya nyika, mahali pasipo soko wala shamba, si kazi ndogo. Yeye aliiweza, akawa tajiri.

Reli ilipokwisha, Mombasa ulikuwa mji wenye haja ya habari. Meli ziliingia kutoka Bombay na Ulaya, na bei za pembe na nguo zilipanda na kushuka. Kila mtu alitaka kujua ni meli gani iliyotia nanga na ni amri gani iliyotolewa. Jeevanjee akaona kwamba habari nayo ni bidhaa. Kufikia mwaka wa 1902 alikuwa amekwisha kuanzisha gazeti la Kiingereza lililotoka mara moja kila juma, jina lake African Standard. Yeye mwenyewe hakuliandika; alimwajiri Mwingereza aitwaye Tiller awe mhariri wake.

Haifai kusema kwamba hilo lilikuwa gazeti la kwanza katika Afrika ya Mashariki. Wanafunzi wa Kiungani katika Unguja walikuwa na Msimulizi tangu mwaka wa 1888, na wamisioni wa Taveta walipiga chapa gazeti lao tangu mwaka wa 1895. Lakini hayo yalikuwa ya misioni. Gazeti la Jeevanjee lilikuwa la mji na la soko. Na ajuaye kazi ya chapa ya siku zile ataelewa ugumu wake. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini, kimegeuzwa kama uso katika kioo. Mpanga herufi alizitwaa moja moja kwa vidole, akazipanga mstari kwa mstari ndani ya fremu. Kisha zikapakwa wino, karatasi ikalazwa juu, mtambo ukakandamiza. Karatasi, wino na herufi, vyote vilikuja kwa meli. Joto la pwani liliharibu wino, na unyevu uliharibu karatasi. Mtu asiye na fedha nyingi hakuweza hata kuanza, ndiyo sababu magazeti ya siku zile yalikuwa ama ya misioni, ama ya Serikali, ama ya matajiri.

Mwaka wa 1905 Jeevanjee aliwauzia Wazungu wawili, Anderson na Mayer, gazeti lile. Kwa mfanyabiashara kuuza ni jambo la kila siku: leo shamba, kesho jahazi, kesho kutwa duka. Huenda aliliona kama mali nyingine yoyote, na macho yake yalikuwa yamekwisha elekea Nairobi, ambako alikuwa akijenga nyumba na soko. Wanunuzi wakaliita East African Standard, na mwaka wa 1910 wakalihamishia Nairobi, likawa likitoka kila siku. Lakini jina halikuwa ndilo badiliko kubwa. Badiliko kubwa ni wale ambao gazeti lilisema kwa ajili yao.

Kwa maana katika miaka ile ile walowezi wa Kizungu walikuwa wakiingia katika nyanda za juu. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Lord Delamere, aliyekaa huko tangu mwaka wa 1903. Walowezi walitaka ardhi ya milimani, yenye baridi na rutuba, iwe ya Wazungu peke yao. Serikali ya Uingereza ikawakubalia. Kwa barua zake za mwaka wa 1906 na 1908, waziri Lord Elgin alikubali kwamba Wahindi wasipewe mashamba katika nyanda hizo. Basi Mhindi aliyevunja mwamba ili reli ipite alikatazwa kulima kando ya reli hiyo. Na gazeti lililoanzishwa na Mhindi likawa sauti ya walowezi.

Ingekuwa rahisi kwa Jeevanjee kunyamaza. Alikuwa na mali, na wakubwa walimjua. Mwaka wa 1906 aliutolea mji wa Nairobi kiwanja kizima kiwe bustani ya watu wote, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Viktoria, ambayo ilifunuliwa na mwana wa Malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Mwaka wa 1909 Serikali ikamchagua aingie katika Baraza la Kutunga Sheria, naye akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa katika baraza lile. Alikuwa mmoja tu, wengine wote Wazungu, na mashauri yote yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuisomea. Mtu akikaa hivyo peke yake, asema nini? Jeevanjee aliona kwamba maneno yake hayafiki popote.

Basi mwaka wa 1910 alikwenda London, akaeleza mambo ya Wahindi wa Afrika Mashariki mbele ya waandishi wa magazeti ya huko. Alisema juu ya ardhi, na juu ya kodi walipayo watu wasio na kura. Maneno yake yalipofika Nairobi, walowezi walikasirika mno. Katika jambo hili mna fundisho la mzaha kidogo: mtu aliyekuwa na gazeti lake Mombasa sasa alilazimika kupanda meli, akasafiri majuma mengi, ili apate gazeti la kumsikiliza. Baada ya mwaka wa 1911 hakurudishwa katika Baraza.

Lakini msomaji asidhani kwamba Jeevanjee alisema kweli yote. Huko London alipendekeza hata kwamba nchi hii ifungamanishwe na Bara Hindi, itawaliwe kutoka huko. Wakikuyu na Wamasai, ambao ardhi iliyogombewa ilikuwa yao, hawakuulizwa naye, kama vile hawakuulizwa na Delamere. Wageni wawili walikuwa wakivutana juu ya nguo ya mtu wa tatu aliyesimama hapo hapo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika Baraza lile mpaka mwaka wa 1944.

Mwaka wa 1914 Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wahindi walipata gazeti jingine, East African Chronicle la Manilal Desai, kijana aliyekuja Kenya mwaka wa 1915. Desai alifanya jambo ambalo Jeevanjee hakulifanya: mtambo wake ulipiga chapa pia karatasi za Harry Thuku na Wakikuyu waliolalamikia kodi na kazi za kulazimishwa. Mwezi wa Machi 1922 Thuku alikamatwa, watu wengi wakapigwa risasi Nairobi walipokusanyika kwa ajili yake, na gazeti la Desai halikuendelea tena baada ya mwaka ule.

Mwaka wa 1923 Jeevanjee na Desai walikwenda pamoja London na wajumbe wengine kudai haki. Waziri wa makoloni, Duke wa Devonshire, akatoa hukumu yake kwa maandishi: nchi ya Kenya ni ya Waafrika, na haja zao zitangulie haja za wageni wote. Maneno hayo yalikuwa mazuri kuyasoma. Lakini nyanda za juu zilibaki kuwa za Wazungu, wala hazikufunguliwa kwa watu wengine mpaka mwaka wa 1960.

Nyanda za Juu za Kusini hazikukosa kuguswa na shauri hili. Mwezi wa Oktoba 1925 Lord Delamere aliwakusanya walowezi kutoka Kenya na nchi za kusini, nao wakakutana Tukuyu, katika nchi ya Wanyakyusa, wakashauriana jinsi ya kuziunganisha nchi zao na kueneza makazi ya Wazungu milimani. Lakini Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya League of Nations, na Waingereza hawakuweza kuigawa kama walivyoigawa Kenya. Walowezi walipewa mashamba, Iringa na Mufindi wakakaa. Ila katika miji hiyo hiyo Wahindi waliuza nguo na chumvi.

Mali ya Jeevanjee ilipungua sana katika uzee wake. Alifariki Nairobi mwezi wa Mei 1936, akiwa na umri wa miaka 80. Gazeti alilolianzisha lilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote: miaka sita kabla lilikuwa limezaa Tanganyika Standard, na miaka mitatu baadaye likazaa gazeti la Kiswahili, Baraza, lililosomwa na Waafrika wengi hata katika Tanganyika. Baada ya uhuru, sauti ikabadilika tena. Mwezi wa Februari 1970 Serikali ya Tanzania ililitwaa gazeti la Dar es Salaam kuwa mali ya taifa, na gazeti lililokuwa la walowezi likawa la nchi. Lile la Nairobi lipo hata leo, kwa jina la Standard.

Bustani nayo ipo. Mwaka wa 1991 kulikuwa na shauri la kuichimba na kujenga mahali pa kuwekea motokaa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na watu wa Nairobi wakakataa, na shauri lile likaachwa. Mle ndani imo sanamu ya kichwa na mabega ya Jeevanjee, na kila adhuhuri watu watokao kazini hukaa chini ya miti, wengine wakisikiliza wahubiri, wengine wamelala juu ya majani.