Woody Guthrie: walidhani pombe, kumbe ni ubongo

Wadau, leo namkumbuka Woody Guthrie, mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa Okemah, Oklahoma, mwaka 1912. Ndiye aliyetunga ule wimbo maarufu This Land Is Your Land mwaka 1940.

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa Huntington, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1930. Baadaye Woody naye akabadilika: hasira za ghafla, kuyumbayumba. Watu wakajua ni ulevi tu. Mwaka 1952 ndo madaktari wakasema ni ule ule wa mama.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100 ya kuupata. Unaharibu ubongo kwa ndani, na mawasiliano na sehemu ya mbele, inayopanga mambo na kutuliza hasira, yanalegea. Ndo maana tabia inaweza kubadilika miaka mingi kabla viungo havijaanza kuchezacheza vyenyewe.

Woody alifariki tarehe 3 Oktoba 1967, miaka 55. Jini yenyewe iligunduliwa 1993. Kipimo kipo, tiba ya kuponya bado.

Mimi nasema hivi: kabla hujamwita mtu mlevi au karogwa, mpeleke kwanza hospitali.