Jibba ya viraka ya Muhammad Ahmad

Muhammad Ahmad bin Abdallah alizaliwa mwaka 1844 karibu na Dongola, kaskazini mwa Sudan, kando ya Mto Nile, mto ambao chemchemi yake ya kusini kabisa iko hapa kwetu, Rutovu. Baba yake alikuwa fundi wa mashua. Nduguze walishika kazi hiyo. Yeye alichagua elimu ya dini, akaingia tarika ya Sammaniyya.

Mavazi yake yalikuwa yale ya masufi wa zamani: nguo ya pamba nzito iitwayo jibba. Ikichanika hutiwa kiraka, haitupwi. Na kiraka hakikufichwa ndani. Kilishonwa juu kwa sindano na uzi, kila mtu akione, kuwa alama ya mtu aliyeipa dunia kisogo. Hata Sayyidna Umar (r.a.) husimuliwa kwamba alivaa nguo yenye viraka akiwa khalifa.

Mwaka 1881, katika kisiwa cha Aba, alijitangaza kuwa Mahdi. Maulamaa wa Khartoum walimpinga, na kwa hilo mimi niko upande wao. Lakini watu waliochoshwa na kodi za utawala wa Kituruki na Kimisri walimfuata kwa wingi. Akawaamuru wote wavae jibba ya viraka, tajiri na maskini sawa. Januari 1885 jeshi hilo liliiteka Khartoum. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Juni, akafariki Omdurman.

Ndugu msomaji, tazama kilichofuata. Chini ya mrithi wake, Khalifa Abdullahi, jibba ikawa sare ya jeshi. Viraka vikakatwa kwenye vitambaa vipya, vyeusi, vyekundu na vya buluu, vikapangwa sawasawa kulia na kushoto, vikashonwa juu ya nguo isiyo na tundu hata moja. Jibba za maamiri zikatiwa mfuko wa nakshi kifuani, ukimwona mtu unajua ni mkubwa. Mafundi wetu wa Buyenzi wangeusifu mkono ulioshona. Lakini kiraka kilichokuwa cha kuwasawazisha watu sasa kiliwatenganisha.

Tarehe 2 Septemba 1898, huko Karari, silaha za Waingereza ziliua maelfu ya wavaaji wake kwa asubuhi moja. Washindi waliokota jibba uwanjani wakaenda nazo kwao kama kumbukumbu za vita. British Museum, London, inayo mpaka leo.